Dogo anacheza Ulaya na anaitaka NBA? Anzeni na mkataba, sio na video

Wiki iliyopita dada yangu kanipigia saa nne usiku. Mwanae yuko timu ya kikapu ya U18 kwenye klabu moja huku Ubelgiji tunakoishi, kapewa mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, kurasa kibao na zote Kifaransa cha kisheria, na swali la dada lilikuwa moja tu, "kaka, hii haitamfungia mtoto NBA?" Nikamwambia asisaini mtu yeyote hapo nyumbani, Jumamosi nakuja. Tukakaa na zile karatasi mezani toka asubuhi mpaka chai ikapashwa mara ya tatu, na yale tuliyoyapitia siku hiyo ndo nayaandika hapa, manake najua familia zetu nyingi huku, Wakongo, Warundi, Wabongo, zina vijana warefu kwenye akademi za kikapu na wazazi wanajazwa maneno na watu wenye haraka zao.

Njia yenyewe ya kutoka Ulaya kwenda NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, ipo na watu wamepita. Giannis Antetokounmpo MVP (mchezaji bora wa msimu) 2019 na 2020, Nikola Jokić 2021, 2022 na 2024, Victor Wembanyama namba moja kwenye drafti (siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili) ya 2023, mwaka uliofuata Zaccharie Risacher naye namba moja akitokea JL Bourg ya Ufaransa. Na sisi watu wa Kiswahili tunaye wetu aliyepita hii hii njia ya Ulaya, Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa Fuenlabrada ya Hispania akachaguliwa namba 7 mwaka 2011. (Hasheem Thabeet wetu alikuwa namba 2 mwaka 2009 ila yeye alipitia chuo Marekani, UConn, ile ni njia nyingine, nitaigusa chini.)

Haya, mkataba. Tafuta humo ndani kipengele cha NBA, yani sehemu inayosema mchezaji anaweza kuondoka kwenda NBA katikati ya mkataba, kwa bei gani, na mwisho wa kutoa taarifa ni tarehe ngapi. Kama hakimo, dogo kafungwa mpaka mkataba uishe, na hapo msidanganyike kwamba "NBA wakimtaka watamchukua tu", hawamchukui, kuhama nchi kwenye kikapu kunahitaji barua ya kuruhusiwa inayopita FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na mwenye mkataba hai hapewi. Kama kimo, angalia ile bei. Timu ya NBA ina kikomo cha hela inayoweza kuchangia kumtoa mchezaji kwenye klabu yake bila kugusa hesabu yake ya mishahara, na kikomo hicho kiko chini ya dola milioni moja. Klabu ikiandika euro milioni tatu basi inayozidi anailipa dogo mwenyewe, kwa kawaida inakatwa kwenye mshahara wake miaka ya mwanzo. Mzazi anaona hiyo namba kubwa anafurahi, anadhani ndo thamani ya mwanae, kumbe ni deni la mwanae!

Aliyelipia hili somo hadharani ni Ricky Rubio. Huyu aliingia ligi kuu ya Hispania na Joventut ya Badalona akiwa na miaka 14, mwaka 2009 Minnesota ya NBA wakamchagua namba 5, lakini bei ya kumtoa Joventut ilikuwa kubwa mno kwahiyo hakwenda Marekani, akahamia Barcelona na NBA akaingia 2011. Hakupoteza bahati yake, alibeba EuroLeague (ligi ya klabu kubwa za Ulaya) ya 2010 akiwa Barcelona, ila miaka miwili ile iliamuliwa na karatasi, sio na mpira wake. Kwahiyo tulichomwambia dada aombe ni bei ya kutoka iwe imeandikwa kwa namba, ishuke kila mwaka, na tarehe ya mwisho iwe katikati ya Julai au baada ya hapo, sababu drafti ni mwisho wa Juni na timu zinaanza kusajili kwa nguvu Julai, ukiwa na tarehe ya 30 Juni hujapata hata muda wa kuongea na mtu. Na mpeni mwanasheria wa michezo aisome, wa kwenu nyie, sio aliyeletwa na klabu.

Wakala pia, hapa watu wanapigwa sana. Wakala wa Ulaya anatakiwa awe na leseni ya FIBA, ila kusaini na timu ya NBA anatakiwa awe amesajiliwa na chama cha wachezaji wa NBA, hivyo ni vitu viwili tofauti na wengi wana kimoja tu. Mwingine anakuja na kadi nzuri na suti nzuri, mwulizeni tu, umesajiliwa na chama cha wachezaji Marekani? Akianza kuzunguka mnajua. Ada yake kule NBA haizidi asilimia 4 ya mshahara, na huku Ulaya mara nyingi klabu ndo inamlipa wakala, sasa mtu anayemwomba mzazi hela mkononi ili "ampeleke mtoto drafti" huyo mfungulieni mlango atoke.

Tukienda kwenye drafti yenyewe, kuna mambo ya umri ambayo kila mzazi ayajue kwa kichwa. Mchezaji wa kimataifa anaweza kujiandikisha kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19. Akijiandikisha na akaona upepo sio mzuri anaweza kutoa jina, mwisho ni siku 10 kabla ya drafti, halafu akarudi mwaka mwingine. Mwaka anaotimiza 22 anaingia mwenyewe, hamna kujiandikisha wala kutoa jina, na asipochaguliwa mwaka huo anakuwa huru kusaini na timu yoyote. Maana yake mna madirisha matatu au manne, na hamna dhambi kulitumia la kwanza kusikiliza tu, timu zinamwita kwenye majaribio, zinasema wazi wanamwona wapi, kama majibu ni "labda mwishoni mwa raundi ya pili" mnatoa jina mnarudi kufanya kazi.

Sasa raundi ya kwanza na ya pili zina tofauti kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Raundi ya kwanza mshahara unafuata jedwali la ligi, mkataba wa miaka minne, miwili ya mwanzo ni uhakika, wa tatu na wa nne timu ndo inaamua. Raundi ya pili hamna jedwali hilo na hamna uhakika wa kitu, wengi wanapewa mkataba wa pande mbili, timu ina nafasi tatu za hivyo, mchezaji anakuwa kati ya timu kubwa na timu ya G League (ligi ndogo ya NBA), mechi zisizidi 50 na timu kubwa kwenye msimu wa kawaida, na mshahara ni nusu ya ule wa chini kabisa wa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Kijana anayelipwa vizuri na kucheza dakika 25 EuroLeague akienda kwenye mkataba wa pande mbili anashuka kifedha na kimpira, na wengine wamefanya hivyo kwa ajili ya kuvaa ile jezi tu. Isaiah Hartenstein, Mjerumani, alitoka Žalgiris akachaguliwa namba 43 mwaka 2017, akala vumbi la G League, akazunguka timu, na 2025 kabeba ubingwa na Oklahoma City, kwahiyo sisemi haiwezekani, nasema mjue mnaingia wapi.

Kuna njia ya katikati mimi naipenda kuliko zote. Unachaguliwa afu unabaki Ulaya. Haki zako zinashikwa na ile timu, wewe unaendelea kukua mahali unapocheza. Jokić ndivyo alivyofanya, namba 41 mwaka 2014, jina lake lilitajwa wakati kwenye TV kuna tangazo la Taco Bell, akabaki Mega kule Serbia mwaka mmoja zaidi ndo akaenda Denver 2015. Serge Ibaka wa Brazzaville vilevile, namba 24 mwaka 2008, mwaka mmoja Manresa kwanza. Manu Ginóbili ni Muargentina ila alipikwa Italia, namba 57 mwaka 1999, akabaki hukohuko Italia, akabeba EuroLeague ya 2001 na Bologna, akaenda San Antonio 2002 akiwa mtu mzima tayari. Na kuna faida ya hela hapa, aliyechaguliwa raundi ya kwanza akikaa misimu mitatu bila kusaini hafungwi tena na lile jedwali, timu ikiwa na nafasi inaweza kumlipa zaidi. Bogdan Bogdanović alichaguliwa namba 27 mwaka 2014, akakaa Fenerbahçe akabeba EuroLeague 2017, ndo akaingia Sacramento kwa mkataba wa kujadiliana. Nikola Mirotić alikuwa amefanya hivyo hivyo kabla yake, 2011 mpaka 2014 yuko Real Madrid, afu Chicago.

Kwahiyo muulizeni dogo, anacheza dakika ngapi na watu wazima? Hili ndo swali ninalolirudia mpaka mpwa wangu ananikimbia. Klipu za danki za U18 zina watazamaji wengi lakini skauti anataka kuona ukikabwa na mzee wa miaka 33 anayekushika kiuno refa haoni. Luka Dončić alianza timu ya wakubwa ya Real Madrid akiwa na miaka 16, akafika drafti ya 2018 akiwa bingwa wa EuroLeague na MVP wake kwa miaka 19, na bado timu mbili zikamruka. Alperen Şengün alikuwa MVP wa ligi ya Uturuki na Beşiktaş akiwa na miaka 18. Wembanyama aliondoka ASVEL, klabu ya EuroLeague, akaenda Metropolitans 92 ambako mpira ungepita kwake kila shambulizi, akaongoza ligi ya Ufaransa kwa pointi, ribaundi na bloku. Huo uamuzi nauona mkubwa kuliko chochote alichofanya uwanjani mwaka ule, aliacha jina kubwa akafuata dakika. Kama dogo wako yuko klabu kubwa na anakaa benchi akipiga makofi, mkopo kwenda timu ndogo ya ligi yenu, BNXT (Ubelgiji na Uholanzi), ProA (daraja la pili Ujerumani), ya pili Hispania, popote, ni maendeleo.

Mtu ataniambia Giannis alitoka daraja la pili Ugiriki, kweli, namba 15 mwaka 2013 akitokea Filathlitikos. Lakini kwa Giannis timu zilikuwa zinanunua mwili na mikono ambayo haifundishwi. Na kwa kila Giannis kuna Darko Miličić, namba 2 mwaka 2003 na miaka 18, akatua Detroit kwenye timu iliyobeba ubingwa msimu huohuo, kocha hana sababu ya kumpa dogo dakika, na Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade wakachaguliwa nyuma yake. Dražen Petrović ambaye tayari alikuwa mfalme wa Ulaya alifika Portland 1989 akakuta Terry Porter na Clyde Drexler mbele yake, akakaa benchi, mpaka alipohamia New Jersey Januari 1991 ndo Marekani ikamjua, msimu wake wa mwisho kabla ya ile ajali ya 1993 alikuwa na pointi 22 kwa mechi. Mpira ulikuwa uleule, ila safari hii timu ilimhitaji. Kwenye majaribio wakala awe anauliza pia, nani yuko mbele yake kwenye nafasi yake, mkataba wake unaisha lini?

Mpira wenyewe unabadilika na hapa mazoezi yaanze miaka miwili kabla. FIBA ni dakika 40, NBA 48. Mstari wa pointi tatu huku ni mita 6.75, kule ni 7.24, pembeni tu ndo uko karibu, kwahiyo dogo apige kutoka hatua moja nyuma ya mstari wa FIBA kila siku mpaka aone ndo kawaida. Kule kuna sekunde tatu za difensi, senta haruhusiwi kusimama chini ya ringi bila kumkaba mtu, na ndo maana njia ya kwenda ringini inakuwa wazi zaidi, Dončić mwenyewe alishasema kufunga ni rahisi NBA kuliko Ulaya na watu wakamkasirikia. Mpira ukishagusa ringi FIBA inaruhusu kuupiga hata ukiwa juu ya ringi, NBA hairuhusu, wasenta wanaotoka huku wanapigwa filimbi sana mwezi wa kwanza sababu mkono umezoea. Kwa upande wa kukaba ndo kuna kazi, uwanja uko wazi, unaachwa peke yako na mtu mwenye kasi ya ajabu na hamna msaada unaokusubiri nyuma kama huku, mchezaji mwenye miguu mizito atatafutwa kila shambulizi mpaka kocha amtoe. Tony Parker majaribio yake ya kwanza na San Antonio alizidiwa nguvu kiasi kwamba karibu wamwache, akapewa nafasi ya pili, akachaguliwa namba 28 mwaka 2001, ubingwa mara nne. Mwili, wadau. Gym sio ya msimu wa mapumziko tu.

Na ratiba. Mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati mwingine usiku wa leo na wa kesho, ndege katikati, mazoezi ya timu ni machache mno ukilinganisha na huku ambako kocha anawaweka uwanjani kila siku asubuhi na jioni. Kijana aliyezoea kupangiwa kila kitu anapotea, kule unatakiwa ujipangie mwenyewe, kulala, kula, kupiga mipira yako 300 kabla ya wengine hawajafika. Afundishwe kupika, simaanishi kwa mzaha, mwaka wa kwanza yuko peke yake kwenye ghorofa mji asioujua. Dirk Nowitzki alitoka Würzburg daraja la pili Ujerumani, mwaka wake wa kwanza Dallas ulikuwa pointi 8 kwa mechi na alipata taabu, akakaa palepale misimu 21.

Kuhusu hela nitasema haraka. Mkataba wa Ulaya kwa kawaida unaandikwa ni kiasi gani kinabaki mkononi baada ya kodi, na nyumba na gari juu ya klabu. NBA inaandikwa kabla ya makato. Toa kodi ya serikali kuu inayofika asilimia 37, kodi ya jimbo (California inapita 13 kwa wenye kipato kikubwa, Texas na Florida hamna), asilimia 10 ya mshahara inayoshikiliwa na ligi, wakala, na kodi za majimbo anayokwenda kucheza ugenini. Weka hizo namba mbili meza moja ndo ulinganishe. Viza ni P-1A, timu inaishughulikia, nyie hakikisheni pasipoti haiko karibu kuisha.

Chuo cha Marekani sa hivi sio njia ya wasio na hela tena. Tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na tangu msimu wa 2025-26 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja. Egor Demin aliacha Real Madrid akaenda BYU mwaka mmoja, namba 8 mwaka 2025. Kasparas Jakučionis alitoka Barcelona akaenda Illinois, namba 20 drafti ileile. Franz Wagner alishafanya hivyo zamani, Alba Berlin kisha Michigan. Angalieni mambo mawili tu, viza ya mwanafunzi ina masharti makali kuhusu kufanya kazi na kulipwa, na mkataba wa kulipwa aliosaini huku unaweza kuleta maswali kwenye ruhusa yake ya kucheza chuo, kwahiyo turudi palepale, ile karatasi ya kwanza anayosaini na miaka 17 inamfuata.

Na mlango wa kurudi muuache wazi. Sasha Vezenkov alikuwa MVP wa EuroLeague 2023, akaenda Sacramento msimu mmoja, hakupata dakika alizotaka, akarudi Olympiacos na yuko juu tena. Jan Veselý alichaguliwa namba 6 mwaka 2011, Marekani haikwenda, akarudi na kuwa MVP wa EuroLeague 2019 na Fenerbahçe. Klabu za huku zinajaza nafasi zake Julai, mwenye kusubiri simu ya NBA mpaka Septemba anakuta viti vimekaliwa, kwahiyo pangeni tarehe yenu wenyewe, mkisema ikifika tarehe fulani hamna mkataba wa uhakika dogo anarudi.

Mpwa wangu hajasaini bado. Tumerudisha karatasi na mambo matatu tumeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, bei ishuke kila mwaka, tarehe isogee mpaka 20 Julai, na kama timu ya kwanza haimpi dakika kufikia Januari aruhusiwe kwenda kwa mkopo. Klabu imesema watajibu wiki ijayo, na yeye kesho saa kumi na mbili asubuhi yuko uwanjani, nimemchorea mstari wa mita 7.24 kwa chaki.